Mjane anadai omena zake kwa shemeji, na mazungumzo yao yananuka insha: naomba maoni

KalamuYaKisumu

Wasomaji na waandishi wenzangu, hamjambo. Ninaandika hadithi fupi ambayo imenishinda mahali pamoja tu, na kwa bahati mbaya mahali hapo ndipo penye roho ya hadithi nzima. Nimewasomea onyesho hilo marafiki wawili hapa Kisumu. Wa kwanza aliniambia kwamba wahusika wangu wanazungumza kama watahiniwa. Wa pili alicheka pale nilipotaka alie, jambo lililoniuma kuliko lile la kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Anyango ni mjane. Mumewe, Owino, alikuwa na mashua ya kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, pale Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, na alipofariki mashua ilibaki mikononi mwa mdogo wake, Ochieng', kwa makubaliano ya kifamilia kwamba kila mashua itakapotoka majini, Anyango atapewa beseni moja akauze sokoni Kibuye. Makubaliano hayo yameheshimiwa kwa miezi kadhaa. Asubuhi ya onyesho hili, ambayo nimeiweka katika mwezi wa Mei, Anyango anafika ufuoni na kuambiwa kwamba hakuna kitu. Nataka msomaji ajue kuwa mwanamke huyu amekasirika hadi mikono inamtetemeka, lakini aelewe pia kwamba hawezi kumvunjia shemeji yake heshima mbele za watu, kwa kuwa kesho atarudi palepale na beseni lilelile.

Nilivyoandika ni hivi:

"Habari ya asubuhi, shemeji yangu mpendwa," Anyango alisema kwa upole.

"Nzuri sana. Una shida gani?" Ochieng' aliuliza kwa dharau.

"Nimekuja kuchukua beseni langu la omena kama ilivyo desturi yetu tangu mume wangu Owino, ambaye alikuwa ndugu yako, alipofariki mwaka uliopita."

"Leo hakuna omena. Usiku kulikuwa na giza totoro, kwa hivyo mashua haikwenda kuvua."

"Wewe ni mwongo! Unanidhulumu kwa sababu mimi ni mjane!" Anyango alifoka kwa hasira huku machozi yakimdondoka njia mbili mbili.

"Usinipigie kelele mbele ya watu!" Ochieng' alinguruma kwa ukali.

Nina maswali mawili. La kwanza ni namna ya kuifanya hasira isikike bila mhusika kuitangaza. La pili linahusu lugha yenyewe. Katika maisha halisi hawa wawili wangezungumza Kidholuo tangu neno la kwanza hadi la mwisho, nami ninaandika kwa Kiswahili. Nilijaribu kuwapa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, onyesho likawa kichekesho. Nikawarudisha kwenye Kiswahili sanifu, likawa mtihani. Sijui njia ya tatu iko wapi.

MhaririWaKakamega

Ndugu Kalamu, pole kwa kuchekewa, ingawa ninamwelewa aliyecheka. Nitataja mambo mawili tu, kisha niwaachie wengine.

Ochieng' hahitaji kuambiwa kwamba Owino alikuwa ndugu yake. Alimzika. Sentensi ile ndefu ya Anyango haielekezwi kwa shemeji yake, inaelekezwa kwangu mimi msomaji, na mara tu ninapogundua kwamba mhusika ameacha kuzungumza na mwenzake ili anipe habari, ninaacha kumwamini. Habari hizo ziweke katika masimulizi, aya moja kabla ya onyesho, au ziache zijitokeze zenyewe polepole. Msomaji ana subira kuliko tunavyomdhania.

La pili ni yale maneno ya "kwa upole", "kwa dharau", "kwa hasira" na "kwa ukali". Yafunike kwa kidole, kisha usome kilichobaki. Ikiwa dharau imepotea pamoja na neno "dharau", basi haikuwamo katika usemi wa Ochieng' tangu mwanzo, nawe ulikuwa umebandika kibandiko juu ya chupa tupu. Vilevile sioni sababu ya mtu kunguruma. "Alisema" hutosha karibu kila mahali, na mara nyingi hata hilo halihitajiki, maana wako wawili tu na tunawajua.

MtotoWaUfuoni

Nimezaliwa na kulelewa ufuoni, si Dunga hasa, lakini ni ziwa lilelile, na nitasema kwanza lile ambalo mtu yeyote wa mashua ataliona kabla ya kufika kwenye mambo ya fasihi: shemeji huyu anatoa kisingizio ambacho hakuna mvuvi angethubutu kukitoa. Omena huvuliwa gizani. Wavuvi hutandaza taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai na siku hizi nyingi ni za betri na sola, omena hufuata ule mwanga, ndipo wavu huzungushwa. Kunapokuwa na mwezi mpevu ziwa zima huangaziwa, taa hupoteza nguvu yake, na mashua nyingi hupumzika kwa siku kadhaa. Giza totoro ndilo linalompeleka mvuvi wa omena kazini. Ochieng' akitaka kudanganya, atasingizia mwezi.

Natumaini huoni kwamba ninakusahihisha kwa ajili ya kusahihisha tu, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yako yanapoweza kuzaliwa upya. Anyango ameishi na mvuvi. Anajua mwezi una siku ngapi kama vile mwenye duka anavyojua tarehe ya kodi. Shemeji akisema "mwezi umetuharibia kazi" ilhali mwezi umeandama juzi tu, basi amemdanganya mbele ya wanawake wengine ambao nao wanajua, na wote wanajua kwamba anajua. Anyango hahitaji tena kusema "wewe ni mwongo". Anaweza kuuliza swali moja la adabu kuhusu mwezi na ufuo wote ukanyamaza.

Mwezi wa Mei nao una tatizo. Uvuvi wa omena hufungwa kisheria kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki hao wazaane. Anayevua wakati huo huvua kwa kificho, na mtu anayejificha hazungumzi kama ulivyomzungumzisha Ochieng'; angenong'ona, angetazama nyuma, angemwambia shemeji yake aje jioni. Hiyo inaweza kuwa hadithi nzuri, lakini si hii. Isogeze hadi Septemba au Oktoba. Tena, omena zikitoka majini asubuhi huanikwa kwanza, kwa hivyo Anyango hatakimbia nazo Kibuye saa hiyohiyo isipokuwa anauza mbichi. Atazianika, ataombea jua, na mvua ikinyesha amepata hasara. Hilo nalo ni sababu ya kutoweza kungoja hadi mchana Ochieng' atakapopoa.

Sasa nifikie jambo ambalo nadhani unalijua lakini umelikwepa. Umemweka mjane mbele ya mdogo wa marehemu mumewe, akimwomba samaki. Msomaji yeyote wa huku, kabla hajafika mstari wa pili, atakuwa ameshajiuliza kama Ochieng' alitaka kumrithi awe mke wake na akakataliwa. Na hata wangekuwa si jamaa, mwanamke anayemtegemea mwanamume wa mashua kwa samaki wake anafuatwa na kivuli cha jaboya, ule uhusiano ambao mchuuzi huingia na mvuvi ili ahakikishiwe mzigo wake. Sikuambii uandike juu ya hayo. Ninakuambia kwamba yamo tayari ndani ya onyesho, utake usitake, na kila neno wanalolitamka linapita juu yake. Ukinyamaza kabisa, msomaji wa Kisumu atadhani hukuliona. Ukilitaja waziwazi, litameza hadithi. Neno moja tu la pembeni litatosha, na ni vyema litoke kwa Ochieng'.

Mwisho, kuhusu beseni. Kwa nini umnyime kabisa? Dhuluma ya "hakuna" ni rahisi mno, na inampa kila mtu sababu ya kumtetea Anyango. Nimeona watu wakigombana vibaya zaidi kwa ajili ya namna beseni lilivyojazwa. Kuna beseni linalorundikwa hadi linafanya kichuguu katikati, na kuna beseni linalosawazishwa kwa kiganja. Yote mawili huitwa beseni moja.

MwalimuWaNakuru

Mtoto wa Ufuoni ameniondolea nusu ya niliyotaka kusema, na ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeweza, kwa kuwa mimi omena ninazijua zikiwa kwenye sahani. Nitajibu swali la pili, lile la lugha, ambalo ninakutana nalo kila wiki darasani.

Kwanza niitetee insha kidogo. Machozi ya njia mbili mbili, giza totoro na shemeji mpendwa si makosa yako peke yako. Sisi walimu tuliyapanda kwa vizazi, kwa kuwa hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto aliyepamba ndiye aliyepata alama, na katika karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mambo si tofauti sana. Tatizo la tamathali hizo katika mazungumzo ni kwamba zimetumiwa na watu wengi mno hata hazimwoneshi mtu yeyote. Machozi ya Anyango yangekuwa na njia moja tu ningeyatazama.

Pili, usifikiri kwamba unachagua kati ya Sheng na mtihani. Kiswahili cha kawaida, kisicho na pambo, kina vyombo vya kupimia hasira ambavyo watu huvitumia bila kufikiri, na vingi ni vidogo sana. Chukua swali moja: "Kwa nini hukuniwekea?" Huyo anataka kujua sababu. "Mbona hukuniwekea?" Huyo hatafuti sababu, analalamika kwamba kuna jambo lililotarajiwa na halikutimizwa. "Kwani hukuniwekea?" Huyo ameshangaa, au anajifanya kushangaa, na jibu lolote litamtia mwenzake hatiani. Maneno yaliyobaki hayajabadilika hata herufi. Vivyo hivyo, "Hakuna omena" ni taarifa, ilhali "Ati hakuna omena" ni mtu aliyesikia taarifa hiyo na kuitupa chini. Tazama pia vitenzi: "nipe", "unipe", "naomba unipe", "si unipe tu". Anayeanza onyesho kwa "naomba unipe" na kumalizia kwa "nipe" amepanda ngazi nzima ya hasira bila kupaza sauti. Katika onyesho lako hakuna "mbona", hakuna "kwani", hakuna "ati", hakuna "kumbe", hakuna hata "haya". Ndiyo maana wahusika wanasikika kama watu waliovaa viatu vipya.

Chombo kingine ni majina ya kuitana, nacho ningekishika kwa mikono miwili. Ochieng' anaweza kumwita Anyango "Nyar Seme", yaani binti wa Seme, akiwa amependezwa, kwa kuwa kumwita mwanamke kwa jina la kwao alikozaliwa kuna joto ndani yake. Anaweza kumwita "Mama Awuor" kwa heshima ya kawaida, ikiwa mtoto wake ni Awuor. Na anaweza kumwita "mama" tu, kama anavyomwita mteja asiyemjua, na hapo amemfukuza katika ukoo kwa neno moja. Anyango naye ana "shemeji", ana "Baba" pamoja na jina la mtoto, na mwisho kabisa ana jina tupu. Mwanamke akimwita shemeji yake kwa jina tupu mbele ya watu, sidhani kama kuna haja ya mtu kunguruma.

Kuhusu Kidholuo, ninashauri uamini kwamba msomaji anajua mazungumzo haya yamefasiriwa. Wanazungumza lugha yao, nawe unatuletea kwa Kiswahili. Huna wajibu wa kuwafanya wazungumze Kiswahili kibovu ili tujue kwamba si Waswahili. Acha maneno machache ambayo hayana mwenzake, kama hilo "Nyar Seme", na omena iendelee kuitwa omena hata kama wasomaji wa Mwanza wanaiita dagaa na wa Uganda wanaiita mukene. Ila usije ukamwandikia Anyango "semeji" kwa kudhani kwamba unamtambulisha kuwa Mjaluo. Ucheshi huo umechezwa redioni na majukwaani hadi umechakaa, na ukiuingiza hapa, rafiki yako atacheka tena, safari hii akimcheka Anyango mwenyewe.

Nimeandika kirefu. Ndiyo athari ya kusahihisha madaftari arobaini Jumapili jioni.

MsomajiWaKondele

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naona wote mnamfunga mwanamke huyu mdomo. Kila mmoja anasema apunguze, anyamaze, aulize kwa adabu. Nimeuza viazi Kibuye kwa miaka mingi, na wanawake wa sokoni ninaowajua mimi hawanyamazi wakidhulumiwa. Wanapiga kelele, na hawaoni haya. Hii hasira ya kunong'ona ambayo mnaipenda ninaiona zaidi vitabuni.

Kosa la Kalamu, kwa maoni yangu, si kwamba Anyango amefoka. Ni kwamba amefoka akimtazama Ochieng'. Mtu mwenye kudhulumiwa hadharani hamwambii aliyemdhulumu, kwa maana huyo anajua tayari. Anawageukia waliosimama kando: "Jameni, mmesikia? Ati mwezi!" Au analiambia beseni. Au anamwita marehemu, "Owino, unaona mambo haya?", na hapo ndipo shemeji atakapotetemeka, kwa sababu na yeye alikuwa mtoto wa mama mmoja na Owino. Sauti inapanda, lakini heshima haijavunjwa, kwani hajamtukana mtu. Huwezi kumshtaki mwanamke kwa kuzungumza na beseni lake.

MwalimuWaNakuru

Dada wa Kondele, hilo la beseni ninakubali na nitalipeleka darasani. Lakini Kalamu amesema Anyango lazima arudi kesho. Akiwaita mashahidi leo, kesho Ochieng' atakuwa na deni la aibu la kulipiza, na anaweza kulipiza kwa kumnyima hata lile beseni lililosawazishwa. Je, haiwezekani kelele zake zitoke mahali pengine?

MsomajiWaKondele

Inawezekana. Mfikishe Kibuye na omena zake kavu. Aje mteja, mtu wa watu asiyejua lolote, amwombe nyongeza kidogo juu ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Hapo ndipo afoke mpaka soko ligeuke.

KalamuYaKisumu

Nimekaa siku mbili bila kujibu kwa sababu nilikuwa ninaandika upya, na pia kwa sababu ya aibu ya lile giza totoro, ambalo nililitia kwa kuwa lilisikika vizuri. Nimeisogeza hadithi hadi Oktoba. Yale ya Owino kuwa mwenye mashua na makubaliano ya familia yamehamia katika aya iliyotangulia. Hili ndilo onyesho jipya:

Ochieng' alikuwa ameinama akikunja wavu. Hakuinua kichwa.

"Umeamkaje, shemeji." Anyango aliliweka beseni mchangani.

"Salama, Nyar Seme. Umewahi leo."

"Niliona taa zenu usiku. Nikasema niwahi."

"Taa tuliwasha, lakini mwezi umetuharibia kazi."

"Mwezi wa siku nne, shemeji?"

Wanawake waliokuwa wakitandaza omena juu ya nyavu za kuanikia waliacha kuzungumza. Mmoja alikohoa. Ochieng' alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Mbona unaniuliza kama askari?"

"Siulizi, Baba Okoth. Naomba tu unipe nikaanike, wingu lile silipendi."

Alichota kwa ndoo ndogo, akamimina, akachota tena. Omena zilirundikana katikati ya beseni, zikiteleza moja moja kama maji. Kisha akaweka kiganja ukingoni, akakipitisha polepole hadi upande wa pili, na zile zilizokuwa juu zikarudi ndani ya mashua.

"Kaka yako hakuwa akisawazisha."

"Kaka yangu hayupo." Alijifuta kiganja kwenye suruali. "Na ile nyumba yako, paa bado linavuja?"

Anyango aliinua beseni hadi kichwani. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba hakuhitaji mtu wa kumtwisha.

"Haya, Ochieng'," alisema.

Nimefuata ushauri wa kila mmoja kwa kadiri nilivyoweza, isipokuwa wa dada wa Kondele, ambao nimeuweka katika onyesho linalofuata, kule Kibuye. Nimeandika mistari yake minne ya kwanza na tayari mikono inanitetemeka mimi badala ya Anyango. Wasiwasi wangu uliobaki ni lile swali la paa. Wengine wataona shemeji mwenye huruma anauliza kuhusu nyumba ya mjane. Je, niongeze neno ili lieleweke?

MtotoWaUfuoni

Usiongeze. Kwetu kujengewa au kukarabatiwa nyumba baada ya mume kufa si jambo la mabati peke yake, na atakayejua atajua. Asiyejua ataona mwanamume aliyetoka kupunguza chakula cha watoto wa kaka yake akiuliza habari ya paa, na hilo peke yake linatosha kumfanya asimpende.

Nina sahihisho moja dogo. Siku ya nne mwezi huzama mapema usiku, na hakuna anayeuona alfajiri. Umefanya vizuri kutomfanya Anyango autazame angani. Usije ukashawishika kuuongeza baadaye.

MhaririWaKakamega

"Mbona unaniuliza kama askari" nimeipenda, kwa kuwa ndiye mwenye kosa aliyetumia "mbona". "Zikiteleza moja moja kama maji" haikai. Maji hayatelezi moja moja. Na katika mstari wa mwisho ondoa "alisema". Ameshajitwisha beseni, hakuna mwingine anayeondoka, na jina lile lisimame bila kitu nyuma yake.

KalamuYaKisumu

Nimeondoa yote mawili.